UZI: Siku sita kwenye nyayo za Sherlock Holmes na daktari aliyemtunga, kuanzia Edinburgh mpaka kaburini

NesiWaTanga

Wakuu habari za humu. Kuna watu niliwaahidi huu uzi muda mrefu, leo nimepata nafasi. Ntauweka vipande vipande maana naandika nikitoka zamu, mtanivumilia.

Nianze na sababu ya safari. Mimi nimekulia Tanga, marehemu baba alikuwa na vitabu vya upelelezi vya Bwana Msa, anavificha kabatini juu ya vyombo tusivichane, na umeme ukikatika ndo anavishusha, anawasha chemli, anasoma yeye sisi tunasikiliza, akifika pale Bwana Msa anapotoa kiko mdomoni na kuanza kueleza alivyojua, baba alikuwa anafunga kitabu anatuuliza haya nyie mmeona nini? Na sisi hatukuwa tumeona kitu. Nilipofika sekondari mwalimu akatuambia huyo Bwana Msa ana kaka yake mkubwa Uingereza anaitwa Sherlock Holmes, kiko hicho hicho, na rafiki wa pembeni wa kushangaa hivyo hivyo. Nikamtafuta nikamsoma, hadithi fupi 56 na riwaya 4, zote nimemaliza.

Sasa niko huku Uingereza mwaka wa sita, kazi yangu unesi, nikapata likizo ya wiki moja nikasema sitaenda kulala ufukweni, nawafuata hawa wawili, kachero na mtunzi wake Arthur Conan Doyle, nijue walikutania wapi.

Wengi wakija wanakimbilia Baker Street, London, mtaa anaoishi Holmes vitabuni, picha mlangoni, basi. Mimi nikapanda treni King's Cross asubuhi, masaa manne na nusu hivi niko Edinburgh, Scotland.

Conan Doyle kazaliwa pale 22 Mei 1859, Picardy Place namba 11. Nyumba haipo jamani. Ilibomolewa kitambo kupisha barabara, sasa ni makutano ya barabara na tramu zinapita. Kilichopo ni sanamu ya shaba ya Sherlock Holmes, iliwekwa 1991, kasimama kainamisha kichwa anawaza. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Baba mtu ndo kazaliwa hapa, aliyesimamishwa hapa ni mtoto, tena mtoto ambaye hajawahi kuishi.

Lakini Edinburgh yenyewe hasa iko kwenye udaktari. Doyle alianza kusoma udaktari chuo kikuu pale 1876 akamaliza 1881, na kati ya walimu wake kulikuwa na daktari mpasuaji anaitwa Joseph Bell. Huyu Bell akamchagua Doyle awe karani wake kwa wagonjwa wa nje, yaani Doyle anawapokea, anaandika maelezo, anawaingiza mmoja mmoja kwa mwalimu mbele ya wanafunzi. Na Bell kabla mgonjwa hajafungua mdomo keshamsoma.

Kisa kimoja Doyle mwenyewe kakiandika kwenye kumbukumbu zake. Kaingia mwanaume, nguo za kiraia. Bell anamwambia, ulikuwa jeshini. Ndiyo bwana. Hujatoka muda mrefu. Ndiyo. Kikosi cha watu wa milimani Scotland, na ulikuwa na cheo kidogo. Ndiyo. Ulikuwa Barbados. Ndiyo bwana! Wanafunzi wamebaki midomo wazi. Bell anawaeleza, huyu mtu ana adabu lakini hakuvua kofia, jeshini hawavui, angekuwa katoka zamani angeshazoea desturi za uraiani. Ana namna ya mtu aliyezoea kutoa amri. Ni Mskoti, unamuona. Na Barbados je? Anaumwa matende, na matende ni ya visiwa vile vya Karibiani, Uingereza hakuna.

MATENDE wakuu. Nilivyosoma hapo mara ya kwanza nilishtuka, maana sisi wa pwani matende tumeyaona mitaani tangu wadogo, wazee wetu wameishi nayo, na huku ugonjwa ule ule ndo ulifungua mlango wa Sherlock Holmes. Mwanafunzi wa Edinburgh aliuona kama fumbo, sisi tumepita pembeni yake kila siku tukienda shule.

Kuna makumbusho ya madaktari wapasuaji pale, Surgeons' Hall, wana sehemu ya Bell na Doyle, nendeni, ila kama moyo wako mwepesi kuna viungo vya watu kwenye chupa. Bell kafa 1911, kazikwa makaburi ya Dean, nikaenda pia. Doyle alimwandikia barua tarehe 4 Mei 1892 akamwambia wazi kwamba deni la Sherlock Holmes ni lake yeye Bell, bila yeye asingempata. Kitabu cha kwanza cha hadithi fupi za Holmes kakitoa wakfu kwa huyo mwalimu.

Naendelea kesho, kazi saa kumi na mbili asubuhi.

kiko_cha_mzee

Dada umenikamata. Nilikuwa najua kile kiko na kofia ya masikio ndo Holmes mwenyewe, kumbe nyuma kuna daktari. Tupia picha za Edinburgh basi.

NesiWaTanga

@kiko_cha_mzee kofia yenyewe ni ya mchoraji, Sidney Paget, aliyekuwa anachora picha za hadithi kwenye jarida la Strand. Na kile kiko kilichopinda kimetoka kwa muigizaji wa jukwaani William Gillette. Picha ntaweka nikitulia.

Haya kipande cha pili, Southsea, ambayo ni sehemu ya Portsmouth, unapandia treni Waterloo. Watalii hawaendi sana na mimi nasema wanakosea. Doyle alifika pale 1882 kijana wa miaka 23, akafungua zahanati yake Elm Grove, nyumba inaitwa namba 1 Bush Villas. Hela hana, wagonjwa hawaji. Akawa anacheza golikipa timu ya mji kwa jina la kujificha, A. C. Smith, na muda uliobaki anaandika. Ndo hapo 1886 kaandika riwaya ya kwanza ya Holmes. Wachapaji wakaikataa mmoja baada ya mwingine, mwisho mmoja akanunua haki zote kwa pauni 25, ikatoka 1887 ndani ya jarida la Krismasi. Pauni 25 basi, hakuna tena.

Nyumba ilipigwa mabomu vita ya pili, sasa kuna jengo lingine na kibao ukutani. Makumbusho ya Portsmouth wana mkusanyiko mkubwa wa vitu vya Conan Doyle, aliwaachia msomi mmoja aliyevikusanya maisha yake yote, Richard Lancelyn Green. Nilizunguka pale nusu siku.

Nilichokiona mimi pale Elm Grove, nikiwa nimesimama barabarani na mvua ndogo inanyesha, ni kwamba kile kiti cha daktari asiye na mgonjwa ndo kimezaa Holmes. Mtu kafundishwa kuangalia, anajua kuangalia, halafu hakuna wa kumuangalia. Basi akajitungia watu wa kupanda ngazi na kugonga mlango na kukaa kwenye kiti mbele yake. Hadithi za Holmes karibu zote zinaanza hivyo, mteja anaingia, Holmes anamtazama viatu, kucha, mikono ya koti, ndo anaongea. Hiyo ni kliniki wakuu, ni foleni ya wagonjwa wa nje kabisa.

Na kwangu hili sio la vitabuni. Juzijuzi kaja mzee wodini anasema anakula vizuri hana shida, kila akiulizwa nakula vizuri. Nikaona saa yake ya mkononi inateleza mpaka inakaribia kiwiko, na mkanda kautoboa tundu jipya kwa kisu. Mzee alikuwa hali.

JichoLaTatu

Uzi mzuri nesi ila na mimi niseme, tusimsifu Doyle tu kwa upande mmoja. Riwaya yake ya pili ya Holmes kuna mtu wa visiwa vya Andaman anaitwa Tonga, kaandikwa kama mnyama, mdogo, mbaya, muuaji wa mishale ya sumu. Na vita ya Makaburu kule Afrika Kusini, Doyle alienda kama daktari Bloemfontein 1900, sawa, alitibu askari wa homa ya matumbo, lakini akarudi akaandika kuitetea serikali ya Uingereza kuhusu vita ile, wakati wanawake na watoto wanakufa kwenye makambi. 1902 akapewa cheo cha Sir. Sisi tukipiga picha na sanamu hayo tuyakumbuke.

NesiWaTanga

@JichoLaTatu nakubali na sina la kumtetea. Huyo Tonga nilimsoma nikiwa na miaka 16 nikakiweka kitabu chini. Mwalimu wake Bell alimfundisha kumtazama mtu mmoja mmoja, pale kwa Tonga hakumtazama mtu, katazama picha aliyopewa na wenzake. Ndo maana ile sehemu ni dhaifu hata kama hadithi.

mtotowalubumbashi

Aksanti sana dada. Mimi niko Lubumbashi, nasoma huu uzi tangu jana. Nataka kuongeza kitu moja, watu wengi hawajui. Huyu Conan Doyle mwaka 1909 aliandika kitabu juu ya Congo yetu, juu ya mambo ya Léopold mfalme wa Ubelgiji, mikono iliyokatwa, mpira, watu kuuawa. Alikuwa pamoja na Morel na Roger Casement kwa hiyo kazi ya kusema ukweli wa Congo. Na wakati Casement alihukumiwa kunyongwa 1916, Doyle alisaini kuomba asinyongwe. Walimnyonga tu. Basi ule mtu alikuwa na mambo mawili ndani yake, ile ya @JichoLaTatu ni kweli na hii pia ni kweli.

JichoLaTatu

Hiyo ya Congo sikuwa nayo. Asante ndugu, ntakitafuta.

NesiWaTanga

Aksanti @mtotowalubumbashi, hii ningeisahau.

Kipande cha tatu, London, na hapa ntaenda haraka maana Baker Street kila mtu anaijua. Vitabuni Holmes anaishi namba 221B, ila enzi za Doyle namba za Baker Street hazikufika 221, alitunga tu. Baadae barabara ilipopangwa upya namba hiyo ikaangukia kwenye jengo la taasisi ya fedha, Abbey National, na barua zikawa zinamiminika kutoka dunia nzima kwa Holmes mpaka wakaweka mtu wa kuzijibu. Makumbusho ya sasa yamefunguliwa 1990, yako kati ya namba 237 na 241 lakini mlangoni imeandikwa 221B. Foleni ndefu. Ndani wamepanga sebule vizuri kwa kweli, viti viwili mbele ya moto, fidla, vichupa vya kemia. Ngazi za kupanda ni 17, nilizihesabu, kwa sababu kuna pale Holmes anamuuliza rafiki yake Watson umepanda ngazi hizi mara mia ngapi, ziko ngapi, Watson hajui, Holmes anamwambia unaona lakini huangalii. Nikamkumbuka baba na chemli yake, nikatoka nikakaa nje kidogo.

Ukitoka hapo usipande basi. Tembea robo saa tu mpaka Upper Wimpole Street namba 2. Hakuna foleni, hakuna duka la zawadi, kuna kibao tu. Mwaka 1891 Doyle alikuwa katoka Vienna kujiongezea elimu ya macho, akapanga chumba pale awe daktari wa macho. Kila asubuhi anatembea kutoka alipopanga Montague Place, saa nne yuko ofisini, anakaa mpaka saa tisa au saa kumi, kengele haijalia hata mara moja. Kaandika mwenyewe kwamba hakuna mgonjwa aliyevuka kizingiti. Kwa hiyo kaandika hadithi fupi, na Julai 1891 ya kwanza ikatoka kwenye Strand, na London yote ikawa inamsubiri Holmes kila mwezi. Kwangu mimi 221B ya kweli ni hii namba 2, sebule ya Baker Street imewekwa fenicha, hii hapa mtu alikaa kweli.

Pia nilipita hospitali ya St Bartholomew's ambapo kwenye riwaya Watson anatambulishwa kwa Holmes maabara, na Holmes anamwambia naona ulikuwa Afghanistan. Mnaona? Ni Bell yule yule na askari wa Barbados, kabadilishiwa nchi tu.

Halafu Charing Cross. Hapa naomba msome pole pole. Kulikuwa na kijana mwanasheria George Edalji, baba yake Mparsi wa India aliyekuwa mchungaji wa kanisa kijijini Great Wyrley. 1903 kijana kafungwa miaka saba kwa kosa la kukata mifugo usiku, farasi, mashambani. Familia ilikuwa inaandikiwa barua za matusi miaka mingi, na mnajua kwa nini, rangi. Katoka baada ya miaka mitatu, jina limechafuka, kazi hana. Akamwandikia Doyle. Januari 1907 wakakubaliana kukutana hotelini karibu na Charing Cross, Doyle kachelewa, anaingia anamuona Edalji anasoma gazeti huku anamsubiri, kalileta karibu kabisa na uso, na kaligeuza upande kidogo. Doyle ni daktari wa macho. Kabla hajamsalimia keshajua, huyu mtu haoni mbali, huyu hawezi kuvuka mashamba na reli usiku wa giza akakata farasi akarudi nyumbani. Kaandika magazetini, serikali ikaunda kamati, Edalji akasamehewa mwaka huo huo na akarudi kwenye uwakili, ingawa fidia hakupewa. Kesi yake ni moja ya zile zilizosukuma Uingereza kuanzisha mahakama ya rufaa ya jinai 1907.

Pale hakuna kitu cha mtalii kuhusu Edalji. Kuna baa inaitwa Sherlock Holmes karibu na hapo, ina sebule ya maonyesho iliyotengenezwa 1951, imejaa watu, ilhali kisa cha kweli kimetokea jirani. Nikasimama kando ya barabara nikawa nawaza lile gazeti.

DktWaShamba

Mimi ni tabibu Mbeya. Hii ya gazeti ntawapa wanafunzi wangu. Siku hizi mgonjwa akiingia tunaangalia kompyuta, tukimaliza kuandika keshatoka.

NesiWaTanga

Mkuu huku ndo balaa zaidi, tuna sekunde chache.

Siku ya mwisho, Minstead, kijiji kwenye msitu wa New Forest kusini. Treni mpaka Southampton, kisha usafiri wa kuungaunga. Doyle kafa 7 Julai 1930 nyumbani kwake Crowborough, wakamzika bustanini. 1955 akahamishiwa hapa yeye na mkewe Jean, uwanja wa kanisa la All Saints. Kaburi liko mbali na kanisa, pembeni kabisa, chini ya mti mkubwa. Uzeeni alikuwa anaamini mambo ya kuongea na mizimu, akazunguka dunia kuyahubiri.

Nilitaka kusoma jiwe. Limeandikwa chuma cha kweli, upanga ulionyooka, halafu jina, halafu mzalendo, daktari na mtu wa fasihi. Holmes hayupo. Nimelizunguka, nimeinama, hayupo. Edinburgh mtoto kasimama bila baba, Minstead baba kalala bila mtoto. Na daktari imekuja kabla ya fasihi. Nilichokuwa nimekitafuta siku sita kilikuwa kimechongwa hapo, nikakaa chini kwenye majani nikala mkate wangu.

BintiMakunduchi

Nimesoma uzi wote nimelia kidogo. Sasa nesi nikupe kitu. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Bwana Msa, kazaliwa kwetu Makunduchi, Unguja, 1918. Unajua alifanya kazi gani kabla ya kuandika? Alimaliza shule 1938 akaingia idara ya afya, mkaguzi wa afya, miaka kumi! Ndo 1948 akaingia magazetini, Zanzibari, Al Falaq, Afrika Kwetu, baadae jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda nafasi ya kwanza mashindano ya hadithi ya 1957/58, kikachapwa 1960.

NesiWaTanga

Bwana afya?? Miaka kumi bwana afya? Subiri kwanza nikae.

kiko_cha_mzee

Kwa hiyo wote wawili ni watu wa afya. Huyu daktari, huyu bwana afya.

NesiWaTanga

Baba alikuwa anatuuliza mmeona nini na mimi nimeenda mpaka Scotland kutafuta jibu. Dada @BintiMakunduchi mwezi wa saba narudi nyumbani, nataka nianzie Makunduchi, halafu mjini Mji Mkongwe, vichochoroni, nikiwa na vitabu vyote mkononi, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, mpaka Kosa la Bwana Msa ya 1984. Nitembee na wenzake Bwana Msa, Najum na Spekta Seif. Kuna mwenye nakala ya Mwana wa Yungi Hulewa ya zamani? Ya baba ililiwa na mchwa.

JichoLaTatu

Ninayo, haina jalada. Ntakupa uipige picha kurasa zote, kuichukua hapana.

BintiMakunduchi

Njoo mwezi wa saba, utakuta na sherehe za Mwaka Kogwa. Ntakupeleka kwa babu yangu, ana miaka tisini na kitu. Nimemsomea huu uzi jioni hii, akasema mabwana afya wa zamani walikuwa wakiingia uani hawaulizi kitu, salamu tu, wanakwenda moja kwa moja kufunua mitungi wanatazama viluwiluwi, wanatazama majani yamekatwa au la, wanatazama nani kajificha nyuma ya mlango. Anasema mama yake akiona baiskeli ya bwana afya inakuja alikuwa anamwaga maji ya mtungi haraka, na bwana afya anaingia anatazama ardhi iliyolowa, anacheka, anaandika.